Dada Yake Yuko Mjini

Bagamoyo, Alhamisi, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Rukia,

Namtanguliza Mwenyezi Mungu, ambaye kwake hakuna kiumbe aliyesahauliwa, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Baada ya hayo nakuletea salamu za baba anayeishi nawe chini ya paa moja na ambaye, pamoja na hivyo, ameona afadhali akuandikie. Muda huu wewe uko kwa shangazi yako unaaga. Mama yako yuko chumbani analifungua tena sanduku lako, mara ya tatu tangu adhuhuri, kwa kuwa kila akilifunga hukumbuka kitu. Mimi nimeketi barazani, na watoto wa chuo changu cha Kurani nimewapa ruhusa mapema. Wamefurahi wala hawakuuliza sababu.

Ya chandarua, ya maji ya kuchemsha na ya baridi ya Songea amekwisha kukuambia mama yako, na kesho kituoni atakuambia upya. Sina la kuongeza hapo. Nimeshika kalamu kwa sababu unakwenda kuanza kazi ya kutunza kumbukumbu za watu katika masjala ya halmashauri, na haitakuwa haki uondoke nyumbani kwangu bila kujua kwamba baba yako alipotunza kumbukumbu za watu wake mwenyewe alizighushi, na ulipomtuma akaulize ukweli, alikudanganya.

Nianze na shajara ya ukoo wetu, ile iliyokuwa ukutani sebuleni. Ulijifunza kuisoma hati yangu kwa kuifuatisha shajara ile kwa kidole, ukisimama juu ya kigoda ili uyafikie matawi ya juu. Ulikuwa na miaka sita siku uliyoisoma yote mbele ya wageni kutoka Tanga, na walipokupa peremende nilijiona mtu mkubwa kuliko nilivyokuwa. Katika tawi la bibi yangu mzaa baba ulisoma maneno haya: binti wa masharifu wa Lamu. Baadaye, shangazi yako alipokufunulia kwamba bibi huyo alikuwa mtoto wa Ukwere aliyeletwa mjini na njaa, ulinihurumia. Ulinishika mkono ukasema, "Usihuzunike, Baba, wazee walikudanganya." Nikakuacha uamini hivyo.

Wazee hawakunidanganya, Rukia. Masharifu wa Lamu niliwaandika mimi, kwa wino niliouagiza Unguja. Kaka yako Hamisi alikuwa ameposa, wakwe wakauliza asili yetu kama watu waulizavyo, nami nikaona kwamba matawi yote yalikuwa na watu ila tawi moja. Tawi lile lilinikera kama jino lililong'oka mbele. Nikalijaza. Wala sikuwa kijana wa kusema nilipotoka. Nilikuwa mtu wa makamo, mwalimu wa chuo, na asubuhi ya siku ile ile nilikuwa nimewafundisha watoto kwamba dini yetu imemkataza mtu kujinasibisha na wasiokuwa wake. Nilifundisha asubuhi, nikaandika jioni.

Sasa nikueleze nilichokuwa nakijua wakati ule, ili usidhani nilijaza kwa kutojua.

Bibi yangu aliitwa Tabu. Alitulea sote, mimi na shangazi yako, kwa sababu mama yetu alikuwa mtu wa maradhi. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa ulimi, hapiti mtu njiani asimtupie neno. Mimi, kwa desturi ya mabibi na wajukuu wao, aliniita mume wangu, na nilipokuwa mdogo nilidhani ndivyo ilivyo kweli, nikawa namwonea wivu babu. Niliporudi kutoka masomoni Unguja, na kilemba changu kipya, nilimkuta uani anapepeta mchele. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Mume wangu sasa umesoma," akasema. "Huogopi watu tena."

"Siogopi, Bibi."

"Basi nenda kwa mapadri ukaniulizie Kondo."

Nikamwuliza Kondo ni nani. Akaniambia, bila kuacha kupepeta, kwamba Kondo ni kaka yake. Katika mwaka wa njaa, zama za Mjerumani, walitoka Ukwere na mama yao. Mama akafia njiani. Wao wawili wakafika mpaka lango la misheni. Kondo alikuwa na kidonda mguuni. Akachukuliwa ndani. Yeye, Bibi, akabaki nje ya lango, na mwanamke mmoja wa mjini aliyekuwa amebeba uji akamwona, akamshika mkono akaenda naye kumlisha. Uji ukawa siku mbili, siku mbili zikawa mwaka. Mwanamke yule alikuwa Mwislamu mwema asiyekuwa na mtoto, akamlea, akamsomesha, akamwoza. Lakini hakumrudisha langoni.

"Naye Kondo anadhani kuwa nilimkimbia," akasema. "Nataka afikishiwe salamu zangu. Sikumkimbia. Nilifuata uji."

"Bibi, mimi nikaingie kanisani?"

"Nani kakwambia uingie? Simama langoni uulize. Hata mimi niliishia langoni."

"Watu watasemaje wakiniona?"

"Watasema kilemba kile, kwa mapadri kinatafuta nini. Kisha watakwenda zao kula. Kilemba hakitakuanguka kwa kuuliza, mume wangu."

Nikamjibu neno ambalo sitaliandika hapa lote. Nilimwambia kwamba aliyebaki kule ni mtu wa kule, na kwamba mwenye elimu hatumwi kuulizia watu wa namna ile. Akasita kidogo na ungo mkononi, akasema, "Haya, bwana mkubwa," akaendelea na mchele wake. Tangu siku ile mpaka alipofariki, mwaka uliofuata, hakuniita tena mume wangu. Aliniita Maalim, kama watu wengine wote.

Hilo ndilo nililokuwa nikilijua nilipoandika masharifu wa Lamu.

Miaka ikapita. Wewe ukaingia katika masomo yako ya kumbukumbu, na likizo moja shangazi yako akakuhadithia kwamba bibi yetu alikuwa na kaka aliyebaki kwa mapadri. Ukaja kwangu na daftari. Ukaniambia kwamba parokia huwa na vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya mazishi vinavyorudi nyuma mpaka zama za mababu, na kwamba mtu aliyepotea kwa watu anaweza kuwa hajapotea kwa karatasi. Ukaniomba niende nikaulize, kwa sababu wewe ulikuwa unarudi chuoni. Nikakuambia nitakwenda. Baada ya wiki mbili nikakupigia simu nikasema, "Wametafuta katika vitabu vyote. Hayumo."

Haikuwa hivyo. Nilikwenda, hilo ni kweli. Nilichagua saa ambayo watu wengi wako sokoni. Katika ofisi ya parokia nilimkuta karani, Bi Skolastika, mama wa umri wa shangazi yako, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Akaniamkia kwa adabu, akanipa kiti. Nikasema namtafuta Kondo bin Mlekwa, kwa kuwa Mlekwa ndilo jina nililopata kulisikia likitajwa kwamba lilikuwa la baba yao.

"Mzee wangu," akasema, "hapa hatutafuti kwa bin. Kitabu kinakwenda kwa tarehe ya ubatizo na kwa jina alilobatiziwa. Alibatizwa lini?"

"Sijui."

"Alipewa jina gani?"

"Sijui. Kwani baba wa mtu hatoshi?"

"Hawa watoto wa njaa wengi baba zao hawakuandikwa. Lakini subiri, tunaweza kuanza na miaka ile, tukafunua taratibu. Mimi nina muda."

Akaenda kabatini. Rukia, nilisimama kabla hajagusa ufunguo. Nikamwambia asijisumbue, kwamba kama hayumo basi hayumo. Akasema, "Sijasema hayumo, Maalim." Nami nikaaga. Njiani nilijisikia mwepesi. Nilikuwa nimekwenda, nilikuwa nimeuliza, na shajara yangu ilikuwa bado salama ukutani. Hakuna kitabu hata kimoja kilichofunguliwa siku ile.

Ulipomaliza masomo ukarudi, hukuridhika. Ukasema karani anaweza kuwa alitafuta kwa jina lisilo lake. Ukaniomba twende pamoja. Wewe ulidhani nilitoka jasho kwa sababu ya joto. Tulipoingia, Bi Skolastika alininyanyulia uso, akafungua kinywa, na mimi nikatikisa kichwa kidogo sana. Akakifunga. Akasema, "Karibuni. Ndiyo mara ya kwanza kufika?" Ukajibu ndiyo kwa niaba yetu sote. Mwanamke yule ambaye mimi nilikuwa sitaki kuonekana mlangoni kwake alinifunikia aibu yangu mbele ya mtoto wangu, na mpaka leo hajaitumia hata kwa mzaha.

Yaliyofuata uliyaona, ila nataka uyaone kutoka upande wangu. Uliniuliza, "Baba, Bibi alikumbuka nini cha siku ile waliyofika?" Nami nikajibu kwa dharau ndogo, kama mtu anayefukuza nzi, kwamba yalikuwa mambo ya kitoto: watu wengi wamebeba makuti wanatembea wanaimba, naye akadhani wanakwenda kuezeka nyumba. Bi Skolastika akaweka kalamu chini.

"Makuti mabichi au makavu?"

"Mabichi, alisema. Yalikuwa yanang'aa kwa mvua."

"Na nani anayeezeka kwa makuti mabichi, Maalim? Hiyo ni Jumapili ya Matawi, wiki moja kabla ya Pasaka."

Wewe ulicheka kwa furaha, wala hukujiuliza iweje Bibi alinisimulia hayo na ukutani pakawa na Lamu. Mimi nilikuwa nahesabu miaka. Neno lile Bibi aliniambia mimi peke yangu, uani, na ungo mkononi. Nilikuwa nimelibeba maisha yangu yote kama takataka ya mfukoni, nalo ndilo lililokuwa ufunguo. Angeulizwa mtu yeyote wa upande ule angelijua mara moja. Lakini sikumwuliza mtu wa upande ule.

Unakumbuka alivyotueleza: mtoto mgonjwa aliyepokewa siku ile angebatizwa upesi asije akafa; mwenye nafuu angefundishwa mwaka mzima abatizwe mkesha wa Pasaka inayofuata. Akamwomba Padri ruhusa, akatoa vitabu vya miaka ya njaa. Miaka ile tuliitambua kwa unene wa kitabu cha mazishi. Wewe ulifunua kwa ncha za vidole, karatasi zikimeguka pembeni kama chapati kavu, na mimi nikiwa nyuma yako naomba dua mbili zinazopingana, moja kwamba tumpate, na nyingine kwamba tusimpate. Katika mkesha wa Pasaka wa mwaka uliofuata, mstari wa chini kabisa, akawa yupo. Padri alitusomea Kilatini kisha akatufasiria. Jina la ubatizo: Leonsi. Jina la nyumbani: Kondo. Umri: kama miaka tisa. Mahali: Ukwere. Mama: alifariki njiani. Baba: hajulikani. Msimamizi: mpishi wa misheni. Kisha akainamisha kichwa, kwa sababu pembeni palikuwa na maandishi madogo ya wino mwingine, akasema, "Hapa padri mwenzangu wa zamani ameongeza neno: ana dada mdogo, Tabu. Dada yake yuko mjini, kwa Waislamu."

Wewe ulimwuliza maswali ya kazi yako, nani aliandika, kwa nini wino tofauti. Mimi nilitoka nje. Ulidhani nimekwenda kuswali. Nilikwenda kusimama langoni, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kusimama. Bibi yangu, ambaye mimi mjukuu wake msomi nilimfuta na kumwandika mwingine mahali pake, alikuwa ameandikwa kwa jina lake hasa na mtu ambaye hakupata kumwona, katika kitabu kisichomhusu. Na pale ambapo mtu yule hakujua jina la baba, aliandika hajulikani. Alikuwa na nafasi tupu na kalamu yenye wino, kama mimi. Hakujaza.

Pembeni hapo hapo palikuwa na neno la pili, na wewe ndiwe uliyeliona: kwamba Leonsi huyu alioa katika parokia ya bara. Ulinieleza kuwa ndio utaratibu wao, mtu akioa popote habari hurudishwa kwenye kitabu alichobatiziwa, iandikwe pembeni ya jina lake. Nikafikiri, watu hawa humfuata mtu maisha yake yote kwa ukingo wa karatasi. Ukaandika barua bara. Bara wakajibu kwamba watoto na wajukuu wa Leonsi ni waumini wa kigango cha Kiwangwa, na kwamba mmoja wao, Damasi, ni katekista hapo, yaani mwalimu wao wa dini. Kiwangwa ya hapa hapa karibu, Rukia. Nilikuwa nimekula mananasi yao kila mwaka wa maisha yangu.

Siku ya kwenda wewe ulikuwa umeitwa kwenye usaili, nikaenda peke yangu. Nilikuambia tu kwamba ni wazima na wanakusalimu. Sikukuambia zaidi kwa sababu nisingeweza kulisimulia hilo bila kulisimulia na lile la kwanza. Sasa naweza.

Damasi alinipokea barabarani, mzee mrefu, shati jeupe limepigwa pasi kwa ajili yangu. Akaniangalia sana.

"Wewe ndiye sheikh?"

"Mimi ni mwalimu wa chuo tu."

"Hata mimi ni mwalimu wa chuo tu, ila changu kina kengele. Karibu, mtani. Babu yangu na bibi yako ni ndugu, kwa hiyo nina haki ya kukutania mpaka uombe nauli."

Nyumbani kwake kivulini alikuwa ameketi dada yake mkubwa, bibi wa miaka kama themanini. Damasi akamwinamia sikioni. "Dada, wamefika. Watu wa mjini." Nikamshika mkono, nikasema shikamoo dada. Akaitikia marahaba, akanikamata vidole asiniachie.

"Mbona mmechelewa?" akasema.

Damasi akacheka, akasema, "Dada, mgeni hajakaa hata kitini," lakini bibi yule hakuwa anatania.

"Babu aliniambia watu wa Tabu watakuja. Nimengoja mpaka meno yameniaga. Mimi jina langu la ubatizo ni Anastazia, lakini niite Tabu. Babu alitaka kila nyumba ya watoto wake iwe na Tabu mmoja. Tuko watano."

Watano, mwanangu. Nawe ulipozaliwa, shangazi yako aliniomba nikupe jina lile, nikakataa kwa kusema kwamba ni jina la dhiki, halimfai mtoto wa Kiislamu. Rukia ni jina zuri, sijutii kukupa. Najutia sababu niliyoitoa.

Nikamfikishia salamu. Nilikuwa nimezifanyia mazoezi ndani ya gari kwa maneno mazuri, yote yakapotea, nikasema tu kama nilivyoambiwa uani: "Bibi alisema, mwambieni Kondo sikumkimbia. Nilifuata uji."

Bibi Anastazia akasema, "Basi naye alikuwa na lake. Babu hakupata kusema kuwa alikimbiwa. Alisema yeye ndiye aliyekimbia. Alimwambia mdogo wake, ngoja hapa, usitoke, nakuja. Wakamwosha kidonda, wakamnyoa nywele, wakampa chakula, na alipokula akamsahau, kwa njaa aliyokuwa nayo. Alipokumbuka akatoka mbio. Watu wa matawi wamekwisha pita, lango tupu. Kila siku alirudi pale, mpaka padri akamwuliza unatafuta nini, akamwambia. Padri akaulizia mjini, akapata habari kwamba mtoto yuko, amelelewa vizuri, watu wale wanampenda, hawataki kumtoa. Akamwambia Babu, dada yako yuko mzima, nami nimemwandika pembeni yako ili msiachane. Babu alipokuwa anakufa alisema, mkimwona Tabu mwambieni nilirudi langoni."

Kila mmoja wao aliishi miaka yote ile akidhani kwamba yeye ndiye mkosaji na mwenzake ndiye mwenye kudai radhi. Nikauliza Kondo alifariki lini. Damasi akanitajia tarehe, ameinakili kutoka kitabu cha mazishi. Ilikuwa miaka miwili baada ya Bibi. Siku ile ya mchele alikuwa hai, Rukia. Ningekwenda nikasimama langoni kama nilivyoombwa, wangeonana.

Nililia mbele ya watu wale, nami si mtu wa kulia. Damasi aliniachia nikalia, kisha akasema, "Haya, sheikh, njoo ule. Kuku huyu kachinjwa na Juma, jirani yangu, Mwislamu safi. Nilimsimamia mwenyewe asisahau bismillahi."

"Na angesahau?"

"Ningemkumbusha. Mimi nimezisikia nyingi kuliko yeye alivyozisema."

Bibi Anastazia akaangusha kicheko kile kile cha Bibi yangu, cha puani, ambacho sikukisikia tangu nikiwa na kilemba kipya. Nikala, na nikaongezewa.

Tangu nirudi kutoka Kiwangwa nimefanya mambo mawili ambayo hukuyajua. La kwanza nilikwenda Tanga kwa wakwe wa kaka yako, nikawaeleza kuwa masharifu wa Lamu hawakuwapo. Niliketi kama mshitakiwa. Mzee wao akanisikiliza mpaka mwisho, akaagiza kahawa, akasema, "Maalim, sisi tulimtaka kijana mwenye sala na kazi. Hatukuwa tunaoza kwa Lamu." Mkewe akasema kutoka ndani, "Na mimi siku ile nilimwambia mume wangu, hao masharifu mbona hawana jina." Miaka ishirini walikuwa wanajua, au wanashuku, na hawakunivunjia heshima. Nakuambia haya si kwa sababu kila anayekiri hupewa kahawa. Nimekiri kwa watu wengine vilevile, na wapo ambao hawaniamkii tena kwa moyo ule wa zamani. Wana haki. Lakini silalamiki, nalala vizuri kuliko nilivyokuwa nikilala.

Neno ambalo sikuweza kulisema kwa wakwe wala kwa Damasi ni hili la kwako, kwamba nilikuambia wametafuta ilhali nilimzuia mtu asitafute. Lilikuwa dogo kuliko la shajara, na limekuwa zito kuliko yote. La shajara niliwadanganya watu waliouliza asili yangu. Hili nilimdanganya mtu aliyeniamini. Naomba radhi yako, mwanangu. Usinijibu kesho mbele ya watu. Nijibu utakapofika, au usinijibu, mradi umejua.

Huko uendako watu watakuja dirishani kwako na nafasi tupu. Mwingine hajui mwaka wake, mwingine hajui baba, mwingine anajua na hataki uandike. Watakuwa na haraka, nawe utakuwa na kalamu. Utaona jinsi ukurasa uliojaa unavyopendeza machoni pa mkubwa wa kazi. Sina fundisho kubwa hapo. Nakueleza tu kwamba mimi najua ladha ya kujaza, na ni tamu siku ile.

Jambo la pili nililofanya ni kuishusha shajara ya ukutani. Utakuwa umeona alama ya mraba iliyobaki kwenye chokaa. Nilimwambia mama yako kioo kilivunjika, naye akanitazama tu, nadhani ameelewa. Nimeandika nyingine, nakala mbili. Moja imekwenda Kiwangwa, na Damasi ameahidi kuitundika karibu na msalaba wake bila vita kutokea. Ya pili iko chini kabisa ya sanduku lako, imeviringishwa ndani ya kanga ya shangazi yako, na ndiyo sababu nimemwacha mama yako alifungue sanduku lile mara nyingi apendavyo ila asifike chini.

Utakapoikunjua utamwona Tabu mahali pake, na ubavuni mwake Kondo, aliyeitwa Leonsi, na chini ya Kondo watu wote wa Kiwangwa kwa majina yao ya nyumbani na ya ubatizo, kama Bi Skolastika alivyoninakilia kwa subira. Juu yao wawili nilikaa na kalamu asubuhi nzima. Lile jina la Mlekwa nililipenda, ni jina zuri, lakini nililisikia mara moja tu na sikumbuki kwa nani. Nimeandika hajulikani.

Mwenyezi Mungu akulinde mbele yako na nyuma yako, akupe kauli njema na watu wema. Kesho kituoni sitasema mengi. Mama yako atakuwa na mengi, na mimi nitashika mzigo. Ukitazama chini kabisa ya ile shajara utaliona jina langu. Pembeni yake, kwa maandishi madogo, kwa kuwa sasa nimejua namna ya kuandika, nimeongeza neno: ana binti, Rukia. Yuko Songea.

Baba yako